Majina ya mifupa ya Tendaguru

Tumezoea kupima vitabu. Twauliza kama kitabu chasema kweli, kama maneno yake yamechaguliwa vema, na kama mwandishi amewatendea haki watu anaowasimulia. Leo twataka kupima kitu kilicho kifupi kuliko kitabu, lakini huishi siku nyingi kuliko vitabu vingi. Twataka kupima majina.

Majina yenyewe ni ya wanyama wa zamani sana, wale waitwao dinosauri. Kila mwaka wenye elimu huwapa majina wanyama wapya wa jamii hiyo, na magazeti hutangaza habari kwa furaha. Watoto wa shule huyataja majina hayo kwa ulimi mwepesi. Lakini ni wachache wanaouliza: Jina hili limesimama juu ya mifupa gani? Lina maana gani, na je, maana hiyo ni ya kweli? Tena, nani aliyeichimba mifupa hiyo, na je, anakumbukwa? Kwa maswali hayo matatu tutayapima majina ya wanyama waliochimbwa Tanzania, hasa katika kilima cha Tendaguru, kwa maana hapo mifano mizuri na mifano mibaya imekaa pamoja.

Somo la okapi

Ili tuone hatari ya kutoa jina kwa haraka, tuanze na mnyama aliye hai, tena wa misitu ya Kongo: okapi. Mwaka 1900 Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza katika Uganda, alipata vipande viwili vya ngozi yenye milia, ambavyo askari wa upande wa Kongo walikuwa wamevifanya mikanda. Watu wa msituni walimwonyesha nyayo za mnyama huyo, nazo zilikuwa za kwato zilizopasuka. Lakini Johnston alikuwa akitafuta nyayo za farasi, basi hakuwasadiki. Alivipeleka vipande vile London. Philip Sclater akaiangalia ile milia, akafikiri ni mnyama wa jamii ya punda milia. Mwanzo wa mwaka 1901 akampa jina la Equus johnstoni, yaani farasi wa Johnston.

Mwaka uleule ikafika London ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili. Fuvu likasema neno ambalo ngozi haikuweza kulisema: huyu si farasi, ni ndugu wa twiga. Ray Lankester akatunga jina jipya la ukoo, Okapia, kwa kufuata neno la watu wa msituni wenyewe. Lakini neno la pili, johnstoni, lilibaki, na lipo mpaka leo.

Tazameni mambo mawili katika habari hiyo fupi. La kwanza: kipande kidogo kilimdanganya mtu mwenye elimu nyingi. La pili: wale waliomjua mnyama walisema kweli tangu mwanzo, wala hawakusikilizwa. Ikiwa mambo hayo yalimpata mnyama aliye hai, anayekula majani msituni, itakuwaje kwa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita, ambaye amebaki mawe matupu?

Jina hutolewaje

Dinosauri hatumkuti mzima. Mnyama alikufa, matope ya mto au ya pwani yakamfunika, nyama ikaoza, na mifupa ikanywa madini yaliyomo katika maji ya ardhini hata ikawa kama mawe. Mara nyingi hupatikana sehemu tu: mguu bila kichwa, pingili za mkia bila mguu, jino peke yake. Mwenye elimu anaposema, "Huyu ni wa aina mpya," sharti afanye mambo manne.

Kwanza, achague mifupa ya mnyama mmoja iwe kielelezo. Jina hufungwa kwa kielelezo hicho kama ng'ombe kwa kamba yake. Popote kielelezo kiendapo, jina lafuata. Pili, aonyeshe alama za mifupa hiyo zisizoonekana kwa wanyama wengine. Tatu, atunge jina la maneno mawili, kama alivyofundisha Linnaeus wa Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho mwanzo wa hesabu ya majina ya wanyama. Neno la kwanza ni la jenasi, ndiyo kusema ukoo. La pili ni la spishi, yaani aina moja katika ukoo huo. Nne, achapishe yote pamoja. Jina lisilochapishwa na maelezo yake bado si jina.

Kazi ngumu ni ile ya pili. Mifupa hulinganishwa na mifupa ya namna yake: paja na paja, pingili ya shingo na pingili ya shingo. Huangaliwa kingo zilizoshika misuli, mashimo yaliyopitisha mishipa, na jinsi kichwa cha mfupa kilivyoingia katika kiungo. Tena hukatwa kipande chembamba sana cha mfupa na kutazamwa kwa hadubini, ili ijulikane kama mnyama alikuwa mtoto au mzima. Kwa nini? Kwa sababu mtoto hafanani na baba yake katika kila kitu, na watu wamepata kumwita mtoto kwa jina la aina nyingine.

Kisha iko sheria ya kutangulia. Ikiwa mnyama mmoja amepewa majina mawili, la kwanza hushinda. Ikiwa jina moja la ukoo limepewa wanyama wawili wa koo mbalimbali, aliyekuja nyuma sharti atafutiwe jingine. Wala jina halifutwi kwa sababu maana yake si ya kweli. Neno dinosauri lenyewe latuonya. Richard Owen, Mwingereza, alilitunga mwaka 1842 kwa Kigiriki, na maana yake ni mjusi wa kutisha. Leo wenye elimu wajua ya kuwa dinosauri hawakuwa mijusi, na kwamba ndege ndio wazao wao. Walakini neno limebaki. Neno likiisha kuingia, halitoki. Ndiyo maana twasema kwamba kutoa jina ni jambo zito.

Kilima na watu wake

Tendaguru iko kusini mwa Tanzania, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kutoka bandari ya Lindi. Mwaka 1906, wakati nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani, Bernhard Sattler, injinia wa madini, aliona mifupa mikubwa ikitokeza ardhini. Mwaka 1907 akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart, na mwaka 1908 akachapisha majina ya kwanza. Kisha nyumba ya makumbusho ya Berlin ikatuma safari kubwa iliyodumu tangu mwaka 1909 hata 1913. Viongozi wake walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck.

Twasema viongozi, lakini waliochimba walikuwa watu wa nchi. Nchi ile ilikuwa imetoka tu katika vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Mamia ya wafanyakazi walifungua mashimo, wakaisafisha mifupa, wakaifunga kwa plasta na mianzi isivunjike. Wapagazi wakaichukua mpaka Lindi, mzigo kwa mzigo, kwa njia za msituni. Jumla yake ilipita tani 200. Juu ya wafanyakazi alikuwako msimamizi mkuu, Boheti bin Amrani, mtu mwenye mkono wa ustadi katika kuitoa mifupa ndani ya mwamba. Kutoka Lindi mifupa ilipanda meli, ikaenda Berlin, na mingi iko huko mpaka leo. Hapo Berlin, tangu mwaka 1937, husimama kiunzi cha mnyama mwenye shingo ndefu, ambacho kimo chake chapita meta 13.

Basi, mifupa tunayo na habari tunayo. Tuyapime majina.

Kipimo cha kwanza: mifupa

Fraas aliwaita wanyama wake Gigantosaurus africanus na Gigantosaurus robustus, yaani mjusi jitu wa Afrika na mjusi jitu mwenye nguvu. Majina yavuma kama ngoma. Lakini jina la Gigantosaurus lilikuwa limekwisha kutumiwa na Harry Seeley mwaka 1869 kwa mnyama wa Uingereza, na sheria haikukubali. Mwaka 1911 Richard Sternfeld akaweka jina jingine, Tornieria. Mwaka 1922 Janensch akaona kwamba africanus ni wa ukoo wa Barosaurus, uliojulikana kutoka Marekani. Mwaka 2006 Kristian Remes akaipima mifupa tena, akaona si Barosaurus, akamrudisha katika Tornieria. Yule mwingine, robustus, alipewa ukoo wake peke yake mwaka 1991, yaani Janenschia. Mifupa haikusogea hata kidogo katika masanduku yake. Majina ndiyo yaliyohamahama kama watu wasio na shamba.

Je, tuwacheke wenye elimu? Hapana. Jina linalobadilishwa kwa sababu mifupa imepimwa vema zaidi si aibu. Aibu ni kung'ang'ania jina ambalo mifupa imelikataa. Lakini iko hatia moja ambayo twaiona mara kwa mara, nayo ni kuunganisha visivyoweza kulinganishwa. Kielelezo cha Janenschia ni mifupa ya mguu wa nyuma. Mwaka 1929 Janensch aliweka chini ya jina la robustus pia mfululizo wa pingili za mkia uliopatikana mahali pengine. Lakini mguu hauwezi kumshuhudia mkia. Kielelezo hakikuwa na mkia, wala mkia ule haukuwa na mguu. Kwa miaka 90 wawili hao walikaa chini ya jina moja kama ndugu, bila ushahidi wa undugu wao. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake wakasema wazi: mkia huu una alama zake wenyewe, nao ni wa mnyama mwingine. Tutaona hapa chini jina walilompa.

Mfano wa pili ni lile jitu la Berlin. Mwaka 1903 Elmer Riggs alitoa jina la Brachiosaurus kwa mifupa ya Colorado, Marekani. Kielelezo chake hakina kichwa wala shingo. Mwaka 1914 Janensch akawaweka wanyama wa Tendaguru katika ukoo huohuo. Tangu hapo, kila mchoraji aliyetaka kumchora mnyama wa Marekani alitazama kichwa na shingo ya mnyama wa Afrika. Mwaka 2009 Michael Taylor akalinganisha mifupa ile inayopatikana pande zote mbili, mmoja mmoja, akahesabu tofauti 26. Kwa hiyo akaunga mkono jina lililokwisha kupendekezwa na wengine, Giraffatitan, yaani jitu twiga. Kazi ya Taylor twaisifu kwa sababu moja: hakutumia sauti kubwa, alitumia hesabu. Msomaji aweza kuifuata, akakubali au akakataa tofauti moja moja.

Mfano wa tatu ni wa subira. Katika miaka ya 1930 Rex Parrington aliokota kusini mwa Tanzania, katika bonde la Ruhuhu, mfupa wa juu wa mkono na pingili chache. Alan Charig alivichunguza kwa ajili ya maandiko yake ya chuo kikuu ya mwaka 1956, akafikiria jina la Nyasasaurus, lakini hakulichapisha kwa taratibu ya sheria. Alifariki mwaka 1997. Mwaka 2013 Sterling Nesbitt na wenzake wakalichapisha, nao wakamwandika Charig kati ya waandishi. Mfupa wa mkono una ukingo mrefu wa kushika misuli, kama wa dinosauri, na ndani yake zimo alama za kukua upesi. Umri wake wakadiriwa kuwa kama miaka milioni 243. Walakini waandishi hawakupiga vigelegele. Walisema kwamba ama huyu ni dinosauri wa zamani kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa yao wa karibu sana. Hilo neno "ama" ndilo tunalolipenda. Kwa mifupa michache, maneno nayo yawe machache.

Kipimo cha pili: maana

Jina lililosimama vema juu ya mifupa laweza bado kusema vibaya. Siku hizi wanyama kadhaa wa Tanzania wamepewa majina yenye maneno ya Kiswahili, na sisi tunaosema lugha hii, toka Lindi hata Bukavu na Lubumbashi, twaweza kuyapima bila mkalimani.

Shingopana songwensis, la mwaka 2017, ni jina safi. Lasema shingo pana, na pingili za shingo ni kati ya mifupa iliyopatikana. Lasema Songwe, na ndiko alikotoka. Mtoto wa shule alisoma mara moja akaelewa. Si jina la kujionyesha, ni jina la kazi.

Mnyamawamtuka moyowamkia, la mwaka 2019, ni refu, na Mzungu asiyejua Kiswahili atajikwaa mara tatu kabla ya kulimaliza. Lakini nasi tumejikwaa miaka mingi katika Kigiriki chao! Maana yake ni mnyama wa Mtuka, ambao ni mto, na moyo wa mkia, kwa sababu pingili moja ya mkia ikitazamwa kwa nyuma ina umbo la moyo. Neno la pili ni la mtu aliyetazama mfupa kwa macho yake. Twalipenda. Neno la kwanza ni hafifu kidogo, kwa maana kila mnyama ni mnyama, na mto Mtuka waweza kutoa wengine kesho.

Asilisaurus kongwe, la mwaka 2010, lina sauti nzuri, tena limesimama juu ya mifupa ya wanyama wasiopungua 14. Kwa kipimo cha kwanza limeshinda wengi. Lakini kwa kipimo cha pili tuna neno. Kwa Kiswahili asili ya kitu ndiko kilikotoka. Msomaji atafikiri kwamba dinosauri walizaliwa na mnyama huyu. Waandishi wenyewe hawakusema hivyo. Walisema ni wa tawi lililokuwa kando ya dinosauri, kama binamu. Binamu si babu. Jina limesema zaidi ya mifupa, na kwa sababu ni la Kiswahili, wa kwanza kupotezwa ni sisi. Anayetumia lugha ya watu atumie pia uzito wa maneno yao.

Kipimo cha tatu: watu

Tumefika mahali penye uchungu. Tazameni majina ya pili ya wanyama wa Tendaguru yaliyotolewa katika miaka ile ya kwanza. Brancai: ni Wilhelm von Branca, mkuu wa nyumba ya makumbusho ya Berlin. Hansemanni: ni David von Hansemann, aliyesaidia kuitafutia safari fedha. Bambergi: ni Paul Bamberg, mwenye viwanda aliyetoa mali. Sattleri: ni yule injinia. Hatukatai shukrani. Pasipo fedha hakuna safari, na mtu aliyetoa astahili asante. Lakini katika majina yote yale hakuna hata mmoja wa wale waliochimba.

Liko jina moja lipitalo yote kwa uzito. Mwaka 1919 mnyama mdogo wa Tendaguru, mla majani aliyekimbia kwa miguu miwili, aliitwa Dysalotosaurus lettowvorbecki. Neno la kwanza ni zuri: mjusi mgumu wa kukamatwa. La pili ni jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki tangu 1914 hata 1918, ambaye adui zake hawakuweza kumkamata. Huko Berlin palikuwa na mzaha wa heshima ndani yake. Lakini vita vile vilikuwa nini kwa wenye nchi? Viliingia hata Lindi. Huko Mahiwa, mnamo Oktoba 1917, damu nyingi ilimwagika. Kutoka Kongo askari na wapagazi walipelekwa mbali na kwao, hata Tabora ikatwaliwa Septemba 1916. Pande zote mbili wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Nchi iliyowatoa wapagazi wa mifupa iliwatoa tena wapagazi wa vita. Na mnyama aliyelala katika ardhi yao amepewa jina la jemadari.

Je, laweza kufutwa? Kwa sheria ya leo, hapana. Mwaka 2023 tume ya mataifa inayoangalia majina ya wanyama ilieleza kwamba haitabadilisha majina kwa sababu za namna hiyo, kwa kuogopa fujo isiyo na mwisho. Twafahamu woga wao: jina linalobadilika kila mara halimsaidii mtu anayetafuta habari katika vitabu vya miaka 100. Basi dawa haiko katika kufuta. Iko wapi?

Iko katika kipimo cha kwanza. Angalieni jambo hili vema, kwa maana ndilo kiini cha maneno yetu. Mwenye elimu anapoipima mifupa ya zamani kwa uaminifu, akagundua kwamba mkia uliofungwa pamoja na mguu ni wa mnyama mwingine, ndipo mahali pa jina jipya pafunguliwapo. Ule mkia wa mwaka 1929 uliitwa mwaka 2019 Wamweracaudia keranjei. Cauda kwa Kilatini ni mkia. Wamwera ndio watu wa nchi ya Tendaguru. Na Mohammadi Keranje alikuwa mmoja wa watu wa machimbo yale. Jina hilo halikuporwa kwa mtu. Lilipatikana kwa kazi ya kulinganisha pingili na pingili. Haki na elimu zimetembea njia moja, na ndiyo maana kati ya majina yote ya kilima kile twaliweka hili mbele.

Lakini sharti tuwe wakali hata kwa jina tunalolipenda. Mwaka 2007 Remes alimkumbuka yule msimamizi mkuu kwa jina la Australodocus bohetii. Moyo ulikuwa mwema, tena Boheti bin Amrani alikuwa amengoja miaka karibu 100. Walakini mnyama huyo ajulikana kwa pingili mbili za shingo tu. Neno la kwanza lilitungwa kwa kumfikiria jamaa wa Diplodocus. Baadaye wengine walioipima mifupa hiyo wamemweka katika tawi jingine, karibu zaidi na lile jitu la Berlin. Ikiwa siku moja itaonekana kwamba pingili hizo mbili ni za mnyama aliyekwisha kuwa na jina, jina la Australodocus litaanguka, na Boheti ataanguka nalo katika orodha ya majina yasiyotumiwa. Jina la Branca limekaa juu ya kiunzi cha meta 13. Jina la Boheti limekaa juu ya mifupa miwili. Hatumlaumu Remes kwa shukrani yake. Twasema hivi: anayetaka kumheshimu mtu ampe kiti chenye miguu minne. Mifupa mizuri isiwekwe kwa wakubwa, na vipande kwa wachimbaji.

Neno la mwisho

Wako watakaosema: "Jina ni jina tu. Mnyama hakujua aitwavyo, na mfupa hausikii." Ni kweli, mfupa hausikii. Lakini mtoto anayesoma asikia. Akisoma majina ya wakuu na majemadari peke yake, atafikiri kwamba mifupa ilijichimba yenyewe na kujipeleka Lindi. Akisoma jina lililotungwa kwa kipande kisichotosha, atajifunza uongo, na uongo uliochapishwa hutoka kwa taabu. Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Nasi twaongeza kwamba halipati mwanga wake kwa sauti yake, bali kwa ushahidi ulio chini yake.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapoona gazetini ya kuwa dinosauri mpya amepata jina, usifurahi tu kwa ukubwa wake. Uliza kielelezo chake ni mifupa mingapi, na kama paja limelinganishwa na paja. Uliza jina lake lasema nini, na kama mifupa yakubali. Kisha uliza nani aliyepiga jembe. Jina likijibu maswali yote matatu, lisome kwa sauti na uwafundishe watoto. Lisipojibu, ngoja, mifupa iliyongoja miaka milioni 150 yaweza kungoja kidogo tena.